Maswali ya Lugha: Mgeni alikuja juu, nawe ukamfanya nini?

SWALI: Nafanya kazi mapokezi katika hoteli Paje, Zanzibar. Mgeni alikasirika kwa sababu maji ya moto hayakutoka asubuhi. Nilimwomba radhi, nikamhamishia chumba kingine, yakaisha. Kwenye ripoti ya zamu nikaandika "I appeased the guest". Msimamizi akakata, akaweka "pacified". Mwenzangu anasema lilifaa "placated". Kamusi yangu inayafasiri yote matatu "tuliza". Nani yuko sahihi?

JIBU: Kisarufi mko sahihi nyote. Kwa ripoti ya kazi, hakuna hata mmoja ambaye tungemwachia neno lake.

Vitenzi vyote vitatu hukubali mtu kuwa yambwa, yaani yule anayetendwa, kwa hiyo tofauti haiko hapo. Iko kwenye mambo mawili: huyo aliyekasirika alipewa nini hata akatulia, na mwandishi anamwonaje.

"Appease" ni kumtuliza mtu kwa kumpa anachokidai, hasa mtu mwenye nguvu ambaye unaogopa atakachofanya asipopewa. Asili yake ni Kifaransa cha kale, na ndani yake mna neno "amani". Kilicholichafua ni siasa ya Uingereza ya miaka ya 1930. Tarehe 30 Septemba 1938, mjini Munich, Waziri Mkuu Neville Chamberlain alitia saini, pamoja na Ufaransa na Italia, mapatano yaliyomwachia Hitler eneo la Sudetenland, sehemu ya Czechoslovakia, kwa matumaini kwamba atatosheka. Machi 1939 majeshi ya Ujerumani yakaingia Prague. Septemba mosi yakavamia Poland. Sera ile ilijulikana kwa jina la "appeasement", na tangu hapo mwanasiasa akimwambia mwenzake "you are appeasing them" anamtukana: amemnyenyekea mbabe, tena bure. Kwa hiyo sentensi yako inaweza kusomeka hivi: mgeni mkorofi alitutisha, tukampa alichotaka. Neno limebaki safi kwenye njaa na kwenye miungu. Ukieleza tambiko, "to appease the spirits" ni sawa kabisa; wataalamu wa dini hupenda zaidi "propitiate".

"Pacify" lina makao mawili, nayo hayafanani: kwa mtoto mchanga na kwa jeshi. Wamarekani huita chuchu bandia ya mtoto "pacifier", wakati Waingereza huiita "dummy". Upande wa pili, maofisa wa kikoloni waliita "pacification" kazi ya kuwanyamazisha watu kwa bunduki; utalikuta neno hilo katika maandishi ya historia ya Kenya kuhusu vita vya Waingereza dhidi ya Wanandi, 1895 hadi 1906. Mgeni wako hakuwa kichanga wala hakuwa mwasi. Msimamizi wako ndiye aliyekwenda mbali zaidi.

"Placate" ndilo lililo karibu. Ni kumpoza mtu kwa kitu: punguzo, kinywaji cha bure, maneno matamu. Lakini nalo lina harufu yake. Linadokeza kwamba kilichotolewa kilikuwa kidogo, kusudi mtu aache kelele, na kero yenyewe huenda bado ipo. Mwingereza akisoma "The manager tried to placate the guests with free drinks", anaelewa papo hapo kwamba maji bado hayajatoka. Muundo wake ni "placate somebody with something" au "by doing something". Usiweke "to" kati ya kitenzi na mtu. Ndugu yake ni "implacable", yaani asiyepozeka kwa lolote.

Kuna la nne ambalo hamkulitaja, nalo lina faida: "mollify", kutoka Kilatini "mollis", laini. Hili halimalizi hasira, linaipunguza makali. Ndiyo maana mara nyingi huja katika kauli ya kutendwa, likiwa na kipimo mbele yake: "She was somewhat mollified", "slightly mollified". Mgeni akikubali chumba kipya huku bado ananung'unika, hilo ndilo neno lake. Lakini liache kwenye hadithi na magazeti.

Katika ripoti, andika ulichofanya, si ulivyomgeuza mtu: "The guest reported that there was no hot water at 7 a.m. I apologised and moved her to another room. She accepted." Malalamiko yakifika juu, mgeni mwenyewe anaweza kuisoma ripoti hiyo, na hapo hakuna neno la kumkera upya. Ukilazimika kutaja kutulia, "I calmed her down" inatosha.

SWALI: Nafundisha Kiingereza sekondari. Wanafunzi wanachanganya "assuage", "allay" na "soothe". Kuna kanuni ya kuwasaidia?

JIBU: Kipo kipimo rahisi: weka jina la mtu mara baada ya kitenzi, uone kama sentensi inasimama.

"Allay" huanguka. Yambwa yake ni hofu, shaka, wasiwasi, tuhuma. "The minister allayed the farmers" ni kosa. Sahihi ni "allayed the farmers' fears". "Assuage" nalo kwa Kiingereza cha leo halimtaki mtu, linataka kinachomsumbua: hatia, majonzi, hasira, njaa, kiu. Mwanafunzi akiandika "He assuaged his father", mkate alama, kisha mwonyeshe "He assuaged his father's anger". Tahajia yake huwatesa wengi kwa sababu ya hiyo "ua"; hutamkwa "aswéij".

"Soothe" husimama na karibu kila kitu: mtoto, koo, ngozi iliyoungua, mishipa ya fahamu. Linachobagua ni njia. Unatuliza kwa sauti, kwa mkono au kwa dawa, si kwa kumwongezea mtu mshahara. Sauti ya mwisho ni "dh" ya dhahabu, si "th" ya thelathini. Na ile "e" ya mwisho isidondoke, maana "sooth" ni nomino ya zamani yenye maana ya ukweli.

SWALI: Napokea simu za wateja wa Uingereza nikiwa Nairobi. Nikisema "Calm down, sir", hasira ndiyo kwanza inapanda. Nikisema "Sorry" wanauliza "Sorry for what?" Niseme nini?

JIBU: "Calm down" ni amri, na inamwambia mteja kwamba tatizo ni hasira yake, si hitilafu aliyopigia simu. "Sir" haiilainishi, kwa sikio la Mwingereza, hapo inasikika kama sauti ya polisi. Kitenzi hiki kitumie unaposimulia, si unapozungumza na mhusika.

Anza kwa kulitaja tatizo lenyewe: "I can see you were charged twice." Fuatisha "That shouldn't have happened." Kisha sema unachofanya na saa: "I'm reversing it now. You'll get a message by four o'clock." Ukiruka hatua ya kwanza, mteja ataanza kusimulia upya tangu mwanzo, kwa sauti ya juu zaidi.

Kuhusu "sorry": Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki kimelibebesha neno hili kazi ya "pole" na ya "samahani" pamoja. Likisimama peke yake, Mwingereza hajui umetoa lipi. Likamilishe. "I'm sorry you've had to wait" ni pole tu, haikubali kosa. "I'm sorry we kept you waiting" ni samahani, kosa ni letu. Muulize kiongozi wa timu lipi linaruhusiwa kabla kosa halijathibitishwa. Ila epuka "I'm sorry you feel that way": ina sura ya pole, lakini inasikika kama kejeli.

SWALI: Ni "defuse the tension" au "diffuse the tension"?

JIBU: "Defuse", yaani kutoa kiwashio cha bomu lisilipuke. "Diffuse" ni kusambaza, kama harufu ya udi chumbani, na mvutano ukiusambaza hujaupunguza. Vikiwa vitenzi, matamshi yake yanakaribiana mno, ndiyo maana hata magazeti ya Uingereza huteleza. Tena "defuse" hubeba hali, si mtu: "defuse the situation", "defuse the row". Mteja mwenyewe hawezi kuwa "defused".