Luva za juu zinatosha kutoa moshi?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasimamia ujenzi wa hoteli ya ghorofa tano hapa Mbeya mjini. Katikati tumeacha uwazi kutoka mapokezi hadi paa la vioo, mita 18. Fundi umeme anataka vitambua moshi vyote vikae chini ya vioo, na luva, yaani matundu yenye vibao vya kupitisha hewa, pembeni mwa paa. Anasema moshi hupanda wenyewe. Yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Nusu yupo sahihi. Moshi hupanda, ila njiani unavuta hewa ya pembeni, unaongezeka na kupoa. Tuseme makochi ya mapokezi yameshika moto na joto linalopanda na moshi ni kilowati 1,000. Mita 5 juu ya moto, kila sekunde zinapita kama kilo 12 za moshi, zikiizidi hewa ya ukumbini kwa wastani wa nyuzijoto 80 hivi. Mita 15 juu, kilo ni kama 67 na tofauti imebaki nyuzi 15 tu.

Sasa chukua mchana wa Oktoba, jua limepiga vioo tangu asubuhi. Hewa iliyotuama chini ya paa inaweza kuwa na joto kuliko moshi huo. Moshi utagota hapo, utatanda ghorofa ya nne na kuingia korido za vyumba, huku vitambua moshi vya juu havina habari. Ongezeni vya mwali, vile vinavyovusha mwanga kutoka ukuta hadi ukuta, kwa vimo tofauti.

Asubuhi ya Julai mambo hugeuka. Nje baridi, ndani joto, hewa inakimbilia juu na luva zinatoa moshi vizuri. Msifanye majaribio siku kama hiyo mkaridhika.

Luva zenyewe zisiwe upande mmoja. Upepo ukizikabili, moshi unarudishwa ndani. Mimi ningeweka feni za kunyonya moshi zinazostahimili joto, zenye umeme wa akiba. Vinyunyizio vya maji juu ya mita 18 msivitegemee. Huchelewa mno kufunguka.

Linalosahaulika ni hewa ya kuingia chini. Mlinzi akipiga kufuli mlango wa mbele usiku, feni zitavuta nini? Wekeni matundu mapana, hewa isizidi mwendo wa mita 1 kwa sekunde inapoufikia moto. Ikizidi inaupindisha moshi na kuuongeza. Yafunguke yenyewe kengele ikilia, kabla feni hazijashika kasi.