Maswali ya Wasomaji: Bunda la Sarafu Lililofungwa, Unanunua Nini Hasa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nakusanya sarafu za zamani za Marekani. Nimempata mtu mtandaoni anayeuza bunda la senti moja moja, vipande 50, limefungwa kwa karatasi kuukuu yenye jina la benki. Anasema halijawahi kufunguliwa. Ncha moja inaonekana senti ya kichwa cha Mhindi Mwekundu, ncha ya pili senti ya 1914 yenye herufi D. Anataka mara kadhaa ya bei ya bunda la kawaida la senti za ngano, zile zenye masuke ya ngano nyuma. Moyo unanidunda. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Kwa bei hiyo, usinunue.

Chukua vipande 50 vilivyochanganyika ovyo, vikapangwa na kufungwa. Vinavyoonekana nje ni viwili tu. Sarafu adimu ikiwa imeingia humo kwa bahati, ina nafasi 2 kati ya 50 ya kukaa nchani, yaani asilimia 4. Kama adimu zimo mbili, nafasi ya zote mbili kuchungulia, kila moja upande wake, ni moja kati ya 1,225. Sasa fungua ukurasa wa muuzaji huyohuyo uangalie mabunda yake mengine. Ukikuta kila moja lina Mhindi Mwekundu mlangoni, basi ama mabunda hayo yamejaa Wahindi Wekundu, na hapo asingeyauza yamefungwa, ama kuna mkono uliowapanga pale. Senti hizo zilikoma kutengenezwa 1909, mwaka uleule senti za ngano zilipoanza, na za ngano ziliendelea hadi 1958. Mzunguko wa pesa ulikuwa na muda mrefu sana wa kuzichuja zile za kwanza.

Jina la benki kwenye karatasi linakuambia karatasi ilikotoka, basi. Karatasi kuukuu zinauzwa, na mashine ndogo ya kukunja ncha inauzwa pia, kwa yeyote. Ukiweza kulishika bunda, pitisha kidole kwenye mkunjo wa ncha. Karatasi iliyokunjwa mara moja ikaachwa hubaki na mstari mmoja wa duara. Ukiona mistari miwili inayopishana, karatasi hiyo imeshafanya kazi zaidi ya mara moja.

Na hiyo senti ya 1914 ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kiwanda cha Denver, kinachotumia herufi D, kilitoa senti 1,193,000 tu mwaka huo, wakati Philadelphia ilitoa zaidi ya milioni 75. Kwa hiyo ya Denver ni ghali, na kwa kuwa ni ghali inaghushiwa. Njia inayojulikana ni kuchukua senti ya 1944 ya Denver, ambayo imejaa tele, na kuichonga ile 4 ya kwanza mpaka ifanane na 1. Mghushi huacha nyayo mbili. Kwanza, pengo kati ya 9 na 1 hubaki pana kupita kawaida. Pili, chini ya bega la Rais Lincoln, ambaye sura yake imo kwenye senti za ngano, pale picha inapokatika, senti ya 1944 ina herufi ndogo V.D.B., za mchoraji Victor David Brenner. Herufi hizo ziliwekwa hapo begani kuanzia 1918. Senti halisi ya 1914 haiwezi kuwa nazo.

Bega hilo liko ukingoni mwa sarafu, na mkunjo wa karatasi hufunika ukingo. Yaani mahali ambapo jicho lako lingekuokoa kwa urahisi ndipo palipofunikwa. Mwombe muuzaji aitoe senti hiyo na kuipiga picha karibu, pande zote mbili. Akikataa kwa hoja kwamba bunda litapoteza thamani, umepata jibu lako. Neno "halijafunguliwa" haliwezi kuthibitishwa mpaka ufungue, na ukishafungua, hakuna wa kumrudishia.

Kama unapenda raha ya kufungua, na ni raha ya kweli, siikatai, lipia bunda lililofungwa bei ya senti za ngano za kawaida, usiongeze hata kidogo kwa ajili ya ncha. Kama unatafuta miaka unayopungukiwa, nunua bunda lililo wazi, lililopigwa picha kipande kwa kipande.

SWALI: Nina bunda la robo dola 40. Aliyeniuzia alisema zote ni za madini ya fedha. Nalipenda lilivyo, sitaki kulifungua. Nitajuaje?

JIBU: Mizani itakuambia bila kugusa karatasi. Robo dola za hadi 1964 zina fedha asilimia 90, na kila moja ina uzito wa gramu 6.25. Arobaini ni gramu 250. Za kuanzia 1965 za matumizi ya kawaida hazina fedha na zina gramu 5.67, kwa hiyo bunda zima ni gramu 226.8. Tofauti inazidi gramu 23, na karatasi peke yake haizibi pengo hilo. Ongeza gramu chache za karatasi, punguza kidogo kwa sababu sarafu iliyotembea mikononi huchakaa, halafu soma.

Ukipata katikati, kwa mfano 240, shuku mchanganyiko: kila robo ya fedha iliyotolewa na kuwekwa ya kawaida inapunguza bunda kwa zaidi kidogo ya nusu gramu. Hapo sioni njia nyingine ila kufungua. Tazama ukingo: wa fedha ni mweupe mtupu, wa zile nyingine una mstari wa shaba katikati.

Kwa bunda la senti za 1943 mambo ni mepesi zaidi. Zile zilikuwa za chuma kilichopakwa zinki, maana shaba ilihitajika vitani. Pitisha sumaku nje ya karatasi utazihisi zinavuta.

SWALI: Je, nikiweka mabunda ya sarafu mpya yenye toleo dogo, wanangu watafaidi?

JIBU: Walioweka mabunda ya senti tano za 1950 za Denver waliwaza kama wewe. Zilitoka 2,630,030, toleo dogo kuliko yote katika senti tano zenye sura ya Rais Jefferson zilizotengenezwa kwa matumizi ya kawaida. Habari ilienea mapema, watu wakazikimbilia zikiwa bado katika karatasi. Bei ilipanda mpaka miaka ya 1960, wakati mabunda yakinunuliwa kama hisa, kisha ikaporomoka. Mpaka leo sarafu hiyo ikiwa haijatumika haisumbui kuipata, kwa sababu kila aliyeiona aliitunza. Adimu ya kweli ni ile ambayo watu waliitumia bila kujali, kama hiyo ya 1914 hapo juu.

Wawekee wanao mabunda kama unapenda sarafu zenyewe na unataka wazijue. Ada ya shule itafutie njia nyingine.

SWALI: Nikishafungua, nizihifadhi wapi? Na nizisafishe?

JIBU: Usizisafishe kabisa, hata kwa kitambaa laini. Zipange katika vikopo vya plastiki ngumu vya kipimo cha sarafu husika. Epuka plastiki laini ya PVC yenye harufu kali. Huacha utando wa kijani unaokula shaba na fedha. Karatasi ya zamani nayo usiitupe. Ikunje vizuri, andika tarehe uliyofungua na ulichokuta ndani, uiweke pamoja na kikopo chake.