Uliza Fundi: Nataka king'ae kama kioo lakini maandishi yabaki

SWALI: Fundi habari ya kazi. Niko na kibao cha stenlesi cha marehemu baba, alikuwa mshonaji wa suti River Road na hiki kibao kilikaa mlangoni miaka mingi, jina lake limechorwa kwa asidi, herufi ziko ndani kidogo na rangi nyeusi imeshatoka karibu yote. Kina mikwaruzo na madoa ya kahawia. Nilikipeleka kwa kijana mmoja mwenye grenda, akasema atapiga gurudumu la kitambaa dakika kumi kiwe kioo. Alianza na kona ya mwisho, kweli ikang'aa, lakini herufi ya mwisho ikawa kama imeyeyuka, kingo zimelegea na kuna kivuli kama mkia kimetoka kwa herufi. Nikamwambia aache. Je, kuna njia ama nikubali tu kikae na mikwaruzo yake? Msomaji, Kayole.

JIBU: Pole ndugu yangu, na umefanya vizuri sana kumsimamisha hapo kwa herufi moja. Mimi mwenyewe nikianza hii kazi niliharibu kibao cha kaburi cha familia moja hivyo hivyo, nikakirudisha kinang'aa vizuri na jina halisomeki ukisimama mbali, na yule mama aliyekuja kukichukua alipitisha kidole juu ya jina mara mbili bila kusema kitu. Kutoka hiyo siku maandishi nayaangalia kwanza, mng'ao baadaye.

Shida iko hapa. Kitambaa ni laini, kikizunguka kinaingia ndani ya herufi na kinakula ule ukingo wake, na ni huo ukingo ndio jicho linasoma. Halafu kikitoka kwa herufi kinaburuta polishi upande mmoja, ndio huo mkia umeuona. Kwa hivyo kazi yote ya kutoa mikwaruzo ifanywe na kitu kigumu na kilicho sawa, kitambaa kije mwisho kabisa na kisikae.

Kabla uguse kitu, jua herufi zina kina gani. Simama karibu na dirisha, inamisha kibao mwanga uje kwa pembeni, pitisha ukucha polepole juu ya herufi. Ukucha ukikwama vizuri uko na chuma cha kutosha cha kufanyia kazi, ukiteleza tu wacha, kioshe na ukitundike vile kilivyo. Kila msasa unaopiga unapunguza uso wa juu, na uso ukishuka herufi zinapungua kina, hakuna njia ya kuzirudisha ila kuchora upya.

Yako naona ni ya asidi na iko ndani, kwa hivyo tuendelee. Kitoe kwa skrubu zake, kioshe na sabuni na maji moto, halafu kibandike juu ya ubao ulio sawa na seloteepu ya pande mbili kisicheze. Msasa wa maji uzungushie kipande cha mbao ngumu kilichorandwa vizuri, usishike msasa na vidole hata kidogo, vidole vinazama kwa herufi kama kile kitambaa. Usianze na msasa namba 240 vile mafundi wengi wanapenda, anza na 600, na kama mikwaruzo ni mikubwa sana basi 400, namba ikipanda punje inakuwa ndogo, za 400 ni kama maikroni (sehemu za elfu za milimita) 35 hivi, za 2000 ni kama 10. Maji na tone la sabuni, piga kwa mstari mmoja ulio sawa, ukibadilisha namba geuza upande, kama ulikuwa unaenda kwa urefu sasa enda kwa upana, na usihame mpaka mistari ya namba iliyopita iishe yote. Ukiacha mmoja utauona ukishafika mwisho na utarudi nyuma ukiwa umechoka. 800, 1000, 1500, 2000, na kati ya kila namba suuza kibao, ubao na mikono, punje moja ya 600 iliyobaki inatosha kukuharibia.

Na kuna habari njema kuhusu hiyo herufi iliyolegea: ukishusha uso wote sawasawa na kile kipande cha mbao chenye msasa, ukingo uliozunguka unaliwa na chini yake unatokea ukingo mkali tena, kama kina kilikuwa cha kutosha.

Sasa polishi. Chukua kipande cha fulti ngumu, yaani sufi iliyoshindiliwa, paka polishi ya kijani, sugua kwa mkono. Inachukua muda, najua, lakini kibao cha ukubwa wa daftari ni jioni mbili tu. Ukitaka gurudumu basi liguse kidogo tu mwisho, ukigeuza kibao kila mara mkia usipate upande wa kukaa, na weka kiganja nyuma, ukishindwa kuvumilia joto acha kwanza, stenlesi haisambazi joto kama chuma cha kawaida, ni kama theluthi yake tu, kwa hivyo sehemu moja inachomeka na kugeuka rangi ya majani makavu haraka.

Ukimaliza utakuta herufi zimejaa tope jeusi la polishi. Litoe siku hiyo hiyo na mswaki laini na mafuta taa, likikauka ni kazi, na usichokore na sindano. Halafu rangi nyeusi ya enameli, ijaze herufi, ikianza kushika futa juu na kitambaa kilichonyooshwa kwa kile kipande cha mbao, kimeguswa na thina kidogo sana, kikiloa kitanyonya rangi yote kutoka ndani.

SWALI: Trei yangu ya zawadi ya harusi imeandikwa majina na leza, maandishi ni meusi na ukigusa ni laini kabisa. Imepata mikwaruzo, naweza kuisugua na waya ya sufuria ama niloweke na jiki? Dada wa Umoja.

JIBU: Hapana dada, yote mawili hapana. Maandishi ya leza ya aina hiyo hayana kina, ni ngozi nyembamba ya chuma iliyobadilika rangi kwa moto, polishi yoyote inaitoa na majina yanaenda. Waya ya kawaida inaacha vipande vya chuma vinavyoshika kutu, klorini ya jiki nayo inatoboa stenlesi vishimo vidogo vidogo. Sabuni, maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, kausha mara moja. Kama mikwaruzo inakusumbua sana, polishi zile pembe tu zilizo mbali na majina, na funika majina na seloteepu kabla uanze.