Laptopu inazima kila nikichomeka projekta

SWALI: Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari, Wete. Laptopu yangu ni ya Windows 11, ina grafiki mbili, ya Intel na ya NVIDIA. Peke yake inafanya kazi siku nzima bila tabu. Nikichomeka waya wa HDMI wa projekta, picha inaganda, inatoka skrini ya bluu iliyoandikwa VIDEO_TDR_FAILURE, kisha inajiwasha upya. Fundi ananiambia nipige Windows upya. Nimsikilize?

JIBU: Bado, mwalimu. Kupiga Windows kutakupotezea siku nzima na pengine mafaili ya wanafunzi, na Windows ikishaingia kwenye intaneti inaweza kuishusha draiva (programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa) ileile iliyokusumbua.

Maneno uliyoyaona yanatueleza mengi. Windows huipa chipu ya grafiki sekunde 2 kujibu. Isipojibu, huianzisha upya. Ikishindikana, ndipo inapotoka skrini ya bluu. Na katika laptopu nyingi za aina yako, skrini ya ndani inaendeshwa na Intel, ila tundu la HDMI limeungwa kwenye NVIDIA. Bila projekta, NVIDIA mara nyingi imelala. Ukichomeka waya unaiamsha, na draiva mbili zinaanza kufanya kazi pamoja. Zisipopatana, unapata hilo lililokupata.

Safari ijayo soma jina la faili lililotajwa kwenye skrini ya bluu. nvlddmkm.sys ni la NVIDIA, igdkmd64.sys ni la Intel. Jaribu pia waya mwengine na TV badala ya projekta. Hewa yetu ya chumvi inaharibu vichwa vya waya, lakini waya mbovu kwa kawaida huleta picha ya kukatikakatika, si skrini ya bluu, kwa hiyo mimi naishuku draiva.

Kama tatizo lilianza baada ya Windows kujisasisha, bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa mausi, fungua Device Manager, kisha Display adapters, ingia kwenye draiva inayohusika na ubonyeze Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, shusha kwanza draiva zote mbili kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, kwa modeli yako hasa, hata kama ni za zamani kidogo: zile zimejaribiwa pamoja. Kisha zima intaneti, ondoa draiva za sasa humo humo Device Manager, huku ukitia alama kwenye kisanduku cha kufuta faili zake, washa upya, weka ya Intel, halafu ya NVIDIA. Projekta isiwe imechomekwa mpaka umalize. Programu zinazojitangaza kwamba zinasasisha draiva zote kwa mkupuo, tafadhali usizitumie kabisa.

Picha ikiganda darasani, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Grafiki itaanzishwa upya, na mara nyingi kazi uliyoifungua itasalimika.

Ikiendelea kuzima baada ya yote haya, nitumie modeli ya laptopu na mafaili yaliyomo kwenye folda ya C:\Windows\Minidump. Nikishayasoma ndipo tutazungumza kuhusu chipu yenyewe.