Maswali Yenu: Ugaidi ni Kazi ya Polisi au ya Jeshi?

Barua nyingi za mara hii zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: bomu likilipuka, aitwe nani, mpelelezi au mwanajeshi? Tumechagua tano.

Gaidi anaua kama adui vitani. Kwa nini apewe wakili na kupelekwa mbele ya jaji, badala ya kupigwa palepale alipo?

Ruhusa ya kuua haipimwi kwa ubaya wa mtu, inapimwa kwa hali iliyopo. Polisi anaruhusiwa kupiga risasi ya kuua pale tu ambapo hakuna njia nyingine ya kuokoa maisha yaliyo hatarini wakati huohuo. Vitani, mpiganaji wa upande wa pili anaweza kushambuliwa hata akiwa amelala, na akikamatwa huzuiliwa bila mashtaka mpaka mapigano yaishe.

Kati ya hali hizo mbili kuna kizingiti. Mahakama ya kimataifa iliyoundwa kwa ajili ya Yugoslavia ya zamani ilikieleza mwaka 1995 katika shauri la Tadić: mapigano yawe yamedumu na ni makali, na kundi liwe na mpangilio, yaani lina makamanda wanaotoa amri zikatekelezwa. Watu wanne waliopanga chumba wakatengeneza bomu hawafiki hapo, hata bomu lao likiua mamia. Tena wengi wao wanatamani sana kuitwa wanajeshi. Kuwafungulia mashtaka ya mauaji kunawanyima sifa hiyo.

Polisi hufika watu wakiwa wamekwisha kufa. Watazuia nini?

Watazuia shambulio linalofuata. Wenye ujuzi wa kutengeneza mabomu ni wachache, na asiyekamatwa huweza kurudia. Tarehe 26 Februari 1993 gari la kukodi lililipuka katika maegesho ya chini ya World Trade Center, New York, likaua watu sita. Katika kifusi wachunguzi waliokota kipande cha chuma chenye namba ya utambulisho wa gari. Namba hiyo iliwapeleka kwenye kampuni ya kukodisha magari, na tarehe 4 Machi aliyelikodi akakamatwa, baada ya kurudi kudai amana yake.

Kipande kama hicho hakipatikani penye vurugu. Majeruhi wakishatolewa, kila mtu anaondoka, wazima moto wakiwamo, ili eneo likaguliwe: huenda kuna bomu la pili lililotegwa kwa ajili ya waokoaji. Kisha hupimwa umbali kutoka kitovu cha mlipuko hadi kwenye kipande kilichorushwa mbali kuliko vyote, na uzio unawekwa kwa umbali huo mara moja na nusu. Kipande cha mwisho kikiwa mita 200, kamba ifungwe mita 300. Vielelezo vyenye masalia ya baruti hufungiwa katika vyombo visivyopitisha hewa, kwa kuwa baadhi ya kemikali huyeyuka hewani. Udongo wa mahali ambapo mlipuko haukufika huchukuliwa pia kwa ajili ya kulinganisha. Glavu hubadilishwa kwa kila kielelezo, na lebo husema nani ameokota, wapi, saa ngapi, na amemkabidhi nani.

Kosa linaloangusha kesi ni kumtuma mpelelezi aliyeshinda kwenye kifusi akapekue nyumba ya mshukiwa siku hiyohiyo. Wakili wa utetezi atauliza swali moja tu: masalia yaliyokutwa kitandani yaliletwa na nani, mshtakiwa au nguo za mpelelezi? Kwa hiyo timu ziwe mbili, zenye magari mawili na nguo safi.

Marekani imejaribu njia zote mbili. Ipi imezaa matunda?

Tazama mashambulio ya tarehe 7 Agosti 1998 katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam, yaliyoua watu 224. Tarehe 20 Agosti makombora yalirushwa kwenye kambi za Afghanistan na kiwanda cha dawa cha Al-Shifa mjini Khartoum. Osama bin Laden hakuguswa, na sababu iliyotolewa ya kukipiga kiwanda, kwamba kilihusika na silaha za kemikali, ilipingwa vikali na imebaki na utata hadi leo. Wakati huohuo wapelelezi waliendelea kimyakimya. Mwaka 2001 washtakiwa wanne walitiwa hatiani mbele ya baraza la wazee wa mahakama jijini New York, wakafungwa maisha.

Mshtakiwa mwingine wa mashambulio hayohayo, Ahmed Ghailani, alikamatwa Pakistan Julai 2004. Yeye hakupelekwa mahakamani. Alishikiliwa katika magereza ya siri ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kisha Guantánamo, gereza la kijeshi la Marekani huko Cuba. Kesi yake iliposikilizwa hatimaye katika mahakama ya kiraia mwaka 2010, jaji alimkataa shahidi muhimu kuliko wote, mtu aliyedaiwa kumuuzia baruti, kwa kuwa jina la shahidi huyo lilipatikana kwa kumshurutisha Ghailani kizuizini. Kati ya mashtaka zaidi ya 280, alikutwa na hatia katika moja. Hilo moja lilitosha kumfunga maisha, lakini familia za waliokufa hazikupata hukumu ya mauaji hata moja dhidi yake. Khalid Sheikh Mohammed, anayetuhumiwa kupanga mashambulio ya 11 Septemba 2001, alikamatwa Machi 2003, na zaidi ya miaka 20 baadaye kesi yake ilikuwa bado imekwama katika mabishano ya awali. Mateso waliyofanyiwa kizuizini ndiyo yaliyofunga njia, na walioumia zaidi ni wafiwa wanaosubiri haki.

Basi jeshi halihitajiki kabisa?

Linahitajika pale ambapo polisi hawezi kufika na hati ya kukamata. Kundi la Dola la Kiislamu lilipoteka mji wa Mosul, Iraq, Juni 2014, lilikuwa na ardhi, kodi na mizinga. Hakuna kituo cha polisi ambacho kingelikabili, na mji ulikombolewa Julai 2017 kwa vita vya miezi tisa. Sisi hatuoni njia nyingine iliyokuwapo.

Hata hivyo, siku mji unapokombolewa maelfu ya watu wanabaki mikononi mwa jeshi, na bila ushahidi watapigwa picha tu na kuachiwa, au watahukumiwa kwa uvumi. Kwa hiyo kila kikosi kiwe na fomu fupi na mifuko ya vielelezo. Kabla ya kuokota, piga picha ya kitu mahali kilipo. Andika tarehe, mahali kwa kipimo cha ramani, na namba ya utumishi ya aliyeokota. Simu itengwe na mtandao mara moja, la sivyo itaweza kufutwa kutoka mbali. Vitu vya vyumba viwili visitiwe gunia moja, maana hapo hakuna atakayeweza kusema daftari lilikuwa la nani.

Ndani ya nchi yenye serikali inayofanya kazi, wanajeshi wawe chini ya amri ya polisi. Katika mgogoro wa Ireland ya Kaskazini, ambako makundi yenye silaha yalipigania jimbo hilo liwe chini ya nani, Uingereza ilianza Agosti 1971 kutumia jeshi kuwazuilia watu bila mashtaka. Karibu watu 2,000 walizuiliwa hadi Desemba 1975, na mwaka 1972 ndio uliokuwa na vifo vingi kuliko mwaka wowote wa mgogoro ule. Kuanzia 1976 polisi walirudishiwa uongozi. Wao pia walituhumiwa kuwapiga watu vyumbani mwa mahojiano, kwa hiyo kubadilisha sare peke yake hakutoshi.

Mshukiwa azuiliwe siku ngapi kabla ya kushtakiwa?

Polisi huomba muda mrefu kwa sababu za kweli: simu zenye nywila, lugha za kutafsiriwa, majibu ya nchi nyingine. Uingereza iliruhusu siku 28 kuanzia 2006, baada ya bunge kukataa 90 mwaka 2005, kisha mwaka 2011 ikarudi kwenye 14, na jaji ndiye anayeongeza muda kadiri upelelezi unavyokwenda. Sheria ikiwa inaandikwa upya, hoja ya kuipigania kwanza ni hiyo ya jaji, kabla ya kubishania idadi ya siku.