Jibu: Ziara ya historia ya vita Dodoma, tuanzie wapi?

Mkuu, umeuliza kama Dodoma kuna cha kuwaonyesha wageni kuhusu Vita ya Kwanza ya Dunia, au waishie Dar. Kipo. Anzia stesheni ya reli ya kati: Wajerumani waliifikisha reli hapa 1910, na Julai 1916 jeshi la van Deventer, jenerali wa Afrika Kusini upande wa Waingereza, likateremka kutoka Kondoa likauteka mji. Kondoa kwenyewe (lami mwanzo mwisho siku hizi) ndiko Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikoshambulia usiku, Mei 1916, akarudishwa nyuma.

Ila mimi ningemtafuta kwanza mzee wa Kigogo awasimulie Mtunya, ile njaa kuu: majeshi yalizoa nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, mvua nazo zikagoma, watu wakafa kwa maelfu. Mkiwa na siku moja tu, acheni Kondoa, bakini na mzee.