Ekari 35 hazikupi elki

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Sikonge, Tabora, na huu ni mwaka wangu wa nne Colorado, Marekani, nafanya kazi kiwanda cha nyama. Mwaka jana nilinunua ekari 35 kusini mwa jimbo. Majira ya baridi elki, wale kulungu wakubwa wa huku, wanapita kwangu karibu kila asubuhi. Kozi ya wawindaji nimeshafaulu. Kuna bwana ananiambia nikimpa dola 1,800 atanitolea "vocha ya mwenye ardhi" nisihangaike na droo ya kugombea leseni za kuwinda. Nilipe?

JIBU: Usilipe. Na kama umeshatoa kishika uchumba, kidai leo.

Swali lako napata ndugu zake kila mwaka kuanzia Februari, na ekari ni zilezile 35. Namba hiyo haikudondoka toka mbinguni. Sheria ya Colorado ya 1972 inaruhusu shamba likatwe vipande vya ekari 35 au zaidi bila kupitia taratibu za kaunti za ugawaji wa viwanja, ndiyo maana soko limejaa vipande hivyo, na kila tangazo lina picha ya dume la elki lenye pembe kama matawi ya mbuyu. Picha haidanganyi, elki wapo. Lakini mpango wa upendeleo kwa wenye ardhi unaanzia ekari 160 zilizoshikana, ziwe za kilimo au ufugaji, na wanyama wawe wanazitumia kweli. Wewe hujafika hata robo.

Mpango wenyewe ulitungwa kwa ajili ya mfugaji anayelala ana marobota ya nyasi ya kulisha ng'ombe hadi machipuko, akaamka akakuta kundi la elki limeyachana na senyenge imelala chini. Anawalisha wanyama wa umma bila kuulizwa, basi apate njia ya kufaidika asije akawachukia. Kwenye maeneo ambayo leseni zina idadi maalumu, fungu linatengwa kwa watu kama huyo. Magharibi mwa barabara kuu ya I-25 ni hadi asilimia 20. Hata wao hushindana kwenye droo yao. Anayeshinda hapewi leseni bali vocha, yaani haki ya kununua leseni, na anaweza kumpa mwindaji mwingine akitaka.

Vocha hiyo inatoka mkononi mwa mwenye ardhi, inaingia mkononi mwa mwindaji. Katikati hakuna mtu. Udalali wa vocha Colorado ni kosa, kwa hiyo huyo bwana wako ama ni mvunja sheria ama ni tapeli, na sioni ipi kati ya hizo ina nafuu kwako. Kijana mmoja aliwahi kunionyesha "vocha" aliyotumiwa kwa WhatsApp, jina la shamba limefutwa kwa kidole cha wino mweusi. Nikamuuliza, sasa utawinda wapi? Akasema aliambiwa popote. Zipo vocha za eneo zima la uwindaji, na zipo zisizovuka mpaka wa ardhi binafsi. Ukikamatwa msitu wa serikali na hii ya pili, hoja ya "niliambiwa" haikusaidii. Na ukifungiwa kuwinda Colorado, karibu majimbo yote ya Marekani yanakufungia pia, kwa mkataba waliowekeana.

Linalonikera kuliko vishoka wenyewe ni imani inayowalisha: kwamba ukimiliki ardhi, mnyama aliye juu yake ni wako. Nasikia watu wakisema "elki wangu". Ndugu yangu, wewe ni wa Sikonge. Tembo akiingia shamba la mahindi la mzee wako, alikuwa tembo wa mzee? Sheria ya Tanzania ya 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Huku mdhamini ni jimbo, na Mahakama Kuu ya Marekani ilishaligusa mwaka 1978, kwa kesi ya elki hasa. Wawindaji wa nje ya Montana walilalamika kutozwa dola 225 wakati mwenyeji angeweza kupata leseni ya elki kwa dola 9. Wakashindwa. Mahakama ilisema kuwinda elki kwa burudani si haki ambayo jimbo linalazimika kumpa mgeni sawasawa na mwenyeji.

Kwa kuwa kila jimbo linagawa kivyake, video za mtandaoni ndizo zinawaponza watu. Mtu anamsikiliza mfugaji wa New Mexico, ambako mwenye ardhi anaweza kuuza kibali alichopewa, halafu anaenda kujaribu hayohayo Wyoming. Kule ni ekari 160, elki wawe wamezitumia kwa jumla ya siku 2,000 kwa mwaka (elki mmoja kwa siku moja huhesabiwa moja), na leseni haitoki nje ya familia. Montana wanataka ekari 640 kwa elki. Anayekwambia "sheria ya Marekani inasema" mkimbie.

Wewe ni mkazi, una kozi, huna sababu ya kununua uchochoro. Omba droo kabla dirisha halijafungwa mwanzoni mwa Aprili, na uombe leseni ya jike, pembe hazipikiki. Ukikosa, angalia leseni zilizobaki, na zile za madume zinazouzwa bila droo kwa msimu wa pili na wa tatu wa bunduki, kama eneo lako limo kwenye kitabu cha kanuni za uwindaji cha mwaka huu. Kwenye ekari zako utawinda kwa leseni hiyohiyo. Na kama jirani yako ni mfugaji mwenye shamba kubwa, nenda kamwone Juni anaporekebisha senyenge, ukiwa na glavu zako. Usimngoje Oktoba, ambapo kila mtu anagonga mlango wake.